Rueful: Majuto ya Mwiba wa Kujidunga

Ndugu wafasiri, walimu wa Kiingereza, wahariri wa habari na vijana mnaoandika manukuu ya filamu, karibuni.

Leo tunashughulika na kivumishi kimoja tu cha Kiingereza, rueful. Kina herufi sita na anayesoma riwaya za Kiingereza hukutana nacho mara kwa mara. Kikifika kwenye Kiswahili, mara nyingi hugeuzwa "-a huzuni" au "-a majuto", kisha mfasiri anasonga mbele. Sentensi haina kosa la sarufi, lakini mhusika amekwisha kubadilika. Mtu aliyekuwa akijicheka kwa ujinga wake mdogo sasa anaomboleza, au anaungama dhambi. Msomaji wa Kiswahili amepewa mtu mwingine, na hana njia ya kujua.

Kwa Kiingereza cha leo, rueful humweleza mtu anayejutia jambo ambalo yeye mwenyewe ana mkono ndani yake. Jambo hilo limekwisha kupita na halirudi. Hasara yake inabebeka. Na mwenyewe anakiri, kwa tabasamu au kicheko kidogo, kwamba hana wa kumlaumu. Yote manne lazima yawepo. Likitoka moja, Kiingereza kina neno jingine la kutumia, na sisi pia.

Wazee wetu wanasema mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, na msiba wa kujitakia hauna kilio. Methali hizi husemwa na watazamaji kumwambia aliyejidunga. Sasa mfikirie aliyejidunga mwenyewe, anayeijua methali hiyo, anayejua kwamba pole haiji na wala haidai. Uso wake wakati huo ndio rueful. Ndiyo maana nasema hisia hii si ngeni kwetu hata kidogo. Tunayo, na tuna maneno yake. Tatizo ni kwamba tunayatafuta mahali pasipo, yaani kwenye orodha ya vivumishi.

Nianze na hilo la mkono wake mwenyewe, kwa kuwa ndilo linalosahaulika. Mvua ikikukuta njiani bila dalili yoyote, ukalowa, hapo hakuna rueful. Umekasirika, au umesikitika, basi. Lakini kama uliliona wingu, mkeo akakwambia chukua mwavuli, ukajibu kwamba haitanyesha, kisha ukarudi nyumbani umelowa chapachapa na mkeo amesimama mlangoni anakutazama, tabasamu utakalompa, Mwingereza atalieleza kwa neno hili. Hasara ni ileile na maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni nani aliyesababisha.

Ukubwa wa hasara nao una mpaka. Neno linafaa kwa basi lililokuacha kwa kuwa ulikuwa ukipiga soga, viatu ulivyonunua kwa kupenda rangi na sasa vinabana, nywele ulizokata mwenyewe mbele ya kioo, fedha ulizolitupia gari bovu ambalo fundi alikukataza. Halifai kwa kifo, usaliti au dhuluma. Katika Injili ya Mathayo 27:3, Yuda alijuta akarudisha vipande thelathini vya fedha. Katika sura ya Al-Furqan, aya ya 27, imetajwa siku ambayo mwenye kudhulumu atajiuma mikono. Hayo ni majuto makubwa kuliko yote, na mwandishi wa Kiingereza akiweka rueful mahali hapo, msomaji wake atashtuka, kwa sababu atamwona Yuda anatabasamu.

Kwa hiyo wale mnaofanya kazi mahakamani, shikeni hili kwa mikono miwili. Mshtakiwa akishatiwa hatiani, wakili wake huomba apunguziwe adhabu na husema mteja wake anajuta. Neno la Kiingereza la hapo ni remorseful. Mkalimani akisema the accused is rueful, amemwambia hakimu kwamba mtu huyu analiona kosa lake kama kituko. Ni neno moja tu, lakini limewekwa mbele ya mtu mwenye mamlaka ya kumfunga mwenzake.

Safari ya kurudi, kutoka Kiingereza kwenda Kiswahili, huharibu kwa njia nyingine, na hii nawaelekeza wahariri wa habari. Kiongozi wa chama anaulizwa kwa nini alishindwa kura za mchujo. Ripoti ya shirika la habari inaandika: "I thought two weeks was enough," he said ruefully. Dawati letu linaandika: "Nilidhani wiki mbili zinatosha," alisema kwa majuto. Msomaji wa Kiswahili sasa anasubiri kusikia kosa gani alilofanya, kwa maana "alisema kwa majuto" katika habari za siasa husikika kama kukiri jambo zito. Kumbe mtu alicheka kidogo akatikisa kichwa. Ingetosha kuandika: "Nilidhani wiki mbili zinatosha," alisema huku akicheka na kutikisa kichwa. Neno majuto halikutajwa, na majuto yamefika.

Nipite kwenye asili yake kidogo, kwa sababu ina kazi ya kufanya. Shina ni rue, kitenzi cha kale kilichoandikwa hrēowan katika Kiingereza cha kale, kwa maana ya kumhuzunisha mtu au kumtia majuto. Rueful lenyewe limo katika maandishi tangu kama mwaka 1200. Kwa muda mrefu lilibeba maana mbili: mwenye huzuni, na mwenye kutia huruma. Ndugu yake ni ruth, yaani huruma, neno ambalo halisikiki tena isipokuwa ndani ya ruthless, asiye na huruma. Jina la Ruthu wa kwenye Biblia ni la Kiebrania na halihusiani na hili. Mmea uitwao rue, Ruta graveolens, wenye majani machungu, nao una asili nyingine kabisa, kupitia Kilatini, ingawa Waingereza wameuchezea sana ulinganifu huo. Katika Hamlet, tamthilia ya Shakespeare, tendo la 4, onyesho la 5, Ophelia anaugawa mmea huo kwa maana zote mbili, ya mmea na ya majuto, na mfasiri wa hapo analazimika kuchagua ipi aipoteze.

Faida ya historia hiyo ni hii: kwenye kitabu cha zamani, usimtie mtu tabasamu kabla hujapima. Mfano mzuri ni Don Quixote, riwaya ya Kihispania ya Cervantes. Sehemu ya kwanza ilitoka 1605, na katika sura ya 19 Sancho anampa bwana wake jina la Caballero de la Triste Figura, yaani shujaa mwenye uso wa huzuni. John Ormsby, katika tafsiri yake ya 1885, aliandika Knight of the Rueful Countenance. Edith Grossman, mwaka 2003, aliandika Knight of the Sorrowful Face. Hawa wawili hawapingani. Kwa Ormsby, rueful bado lilikuwa na ile maana ya kale ya uso wenye huzuni na wa kutia huruma; kufikia wakati wa Grossman neno lilikuwa limekwisha kuegemea upande wa kujicheka, na lisingefaa tena. Anayetafsiri kutoka kwa Ormsby kuja Kiswahili aandike uso wa huzuni, au uso wa kutia huruma. Huzuni hapo ndilo jibu sahihi, na ni mahali pachache ambapo ndivyo ilivyo.

Wenzetu mnaoishi Ujerumani, au mliojifunza Kijerumani, mna mtego wenu. Reue ni ndugu wa damu wa rue, lakini Kijerumani kimebaki na uzito wote: reuig na reumütig ni mtu anayetubu. Msiyapatanishe na rueful kwa sababu tu yanafanana sura.

Sasa matumizi yenyewe katika Kiingereza, maana walimu mtaulizwa. Matamshi ni silabi mbili, ruu-fol, na mkazo ni kwenye ruu. Herufi e haisikiki. Wanafunzi wetu wengi husema ru-e-ful kwa kuwa Kiswahili kinawazoesha kusoma kila irabu. Wakishaiacha hiyo e, mkazo wa rueful hawaukosei, kwa sababu Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hapa inaangukia mahali pake. Kosa huja kwenye kielezi, ruefully. Kina silabi tatu, na mazoea yetu huuvuta mkazo uende katikati. Unatakiwa ubaki mwanzoni: ruu-fo-li.

Tahajia huwachanganya kwa sababu nyingine. Mwanafunzi anajua true hudondosha e na kuwa truly, due huwa duly, argue huwa argument. Kwa hiyo anaandika ruful. Rue haidondoshi e mbele ya -ful. Na -ful huwa na l moja mwishoni, lakini kielezi kina mbili.

Neno hili hupenda kukaa na sehemu chache: smile, grin, laugh, chuckle, look, expression, shake of the head, sigh. Yote ni mambo ya uso, pumzi na kichwa. Kielezi nacho hufuatana na smiled, said, admitted, shook his head. Mwanafunzi akikuandikia a rueful accident au a rueful decision, ametafuta maana kwenye kamusi bila kuangalia neno linakaa na nani. Ajali ya kusikitisha ni regrettable au tragic, na uamuzi unaojutiwa ni one she regretted. Likija baada ya kitenzi, hufuatwa na about: he was rueful about the money. Kitenzi rue chenyewe hakitaki kihusishi chochote. Mtu hu-rue jambo, moja kwa moja. Rued about ni kosa.

Jambo ambalo vitabu vingi vya shule huliruka ni kwamba rueful ni neno la mtazamaji. Mwandishi humwambia msomaji jinsi mhusika anavyoonekana. Mtu hajisemi mwenyewe I am rueful; ikisemwa hivyo inasikika kama amejitazama kwenye kioo akajieleza. Basi katika barua za ofisini na baruapepe za kuomba radhi, msiandike kamwe we are rueful for the delay. Mteja aliyesubiri mzigo wiki tatu hataki kusikia kwamba mnatabasamu. Andikeni we regret au we are sorry, mtaje sababu, mtaje siku mzigo utakapofika.

Majirani wa neno hili ni wengi, na si wote wanastahili muda wetu. Regretful ni majuto ya kawaida yasiyo na kicheko. Contrite na repentant ni toba. Sheepish ni kutahayari, yule mtu aliyefumaniwa na haya zimemjaa usoni. Rueful haihitaji kufumaniwa, mtu anaweza kuwa nayo chumbani akiwa peke yake. Wistful ni kutamani kilichopita au kisichopatikana, bila kosa la mtu yeyote. Wry ndilo jirani wa karibu kuliko wote. Limetokana na kupinda, na wry smile ni tabasamu la upande mmoja wa mdomo, lakini mtu anaweza kulitoa akimtazama mwenzake au serikali au dunia nzima. Rueful hurudi kwa mwenyewe siku zote. Jihadharini na baleful, linalofanana nalo masikioni: baleful look ni jicho baya, jicho la kutisha. Mfasiri aliyechoka usiku anaweza kulisoma vibaya akamgeuza muuaji wa riwaya kuwa mtu anayejicheka.

Nimefika kwenye kazi yenyewe, na hapa ndipo nawaomba mnisikilize kwa makini.

Kiswahili kina vivumishi vichache vya asili. Hisia tunazieleza kwa vitenzi na kwa viungo vya mwili, na tunaeleza vizuri sana. Tunaposhikilia kutafuta kivumishi kimoja cha kulingana na rueful, tunaishia na "tabasamu la majuto", ambalo si kosa, ila ni zito. Hubeba toba ndani yake. Laweza kutumika katika ushairi, au pale ambapo mhusika kweli ameumia. Katika riwaya ya kawaida, ukilitumia mara tatu katika sura moja, mhusika ataonekana ana siri kubwa moyoni.

Mengine yanayojitokeza haraka yana hitilafu zake. "Tabasamu la uchungu" ni la mtu aliyetendwa na wengine, na uchungu wake unawaelekea wao. "Tabasamu la shingo upande" ni la kulazimishwa. Shingo upande maana yake kutotaka, na mtu wetu hajalazimishwa na yeyote. "Kujisikitikia" ni kujionea huruma, kinyume kabisa, kwa kuwa anayejionea huruma bado anaidai pole. "Kushika tama" ni kuzama katika huzuni. "Kuuma vidole" ni majuto, lakini ni makubwa mno kwa basi lililokuacha. "Akacheka peke yake" kwa wasomaji wetu wengi ni dalili kwamba akili imeanza kumruka.

Kinachofanya kazi ni kutumia vitenzi viwili badala ya kivumishi kimoja. Kitenzi kimoja kinabeba majuto, kingine kinabeba kicheko. Vya majuto tunavyo: kuguna, kutikisa kichwa, kushusha pumzi, kujikuna kichwa. Vya kicheko ni kucheka, kucheka kidogo, kutabasamu. Unavipanga kimoja baada ya kingine: akaguna, kisha akacheka. Alitikisa kichwa akatabasamu. Alishusha pumzi, akacheka kidogo.

Mpangilio una maana yake, usiugeuze ovyo. Kitenzi cha mwisho ndicho kinachobaki sikioni. Ukisema "akaguna, kisha akacheka", mtu amelikubali jambo na limekwisha. Ukisema "akacheka, kisha akaguna", hali imeteremka, na msomaji anasubiri habari mbaya zaidi. Rueful ya kawaida inataka majuto yatangulie, kicheko kifuate. Kama mwandishi wa Kiingereza ameandika kwamba tabasamu lilififia, hapo ndipo unageuza.

Pima pia ni kitenzi gani cha majuto kinaendana na hasara. Kuguna kunatosha kwa kikombe kilichovunjika kwa sababu uliweka pembeni kabisa mwa meza. Kwa fedha za gari bovu, kushusha pumzi kuna uzito zaidi. Kutikisa kichwa kunafaa karibu kila mahali, na kwa sababu hiyo huchosha haraka. Ukilitumia kila mara, wahusika wako wote watakuwa wanatikisa vichwa kitabu kizima.

Kuna njia ya pili, ambayo naiona bora pale penye mazungumzo: iache hisia iingie ndani ya maneno ya mhusika, kisha usimwelezee kabisa. Kiingereza kina semi za namna hii, kama that'll teach me, I asked for that, serves me right. Sisi tunazo na ni tamu kuliko hizo. "Nimekoma!" ikisemwa kwa kicheko ni that'll teach me yenyewe, haipungui wala haizidi. "Nimejitakia mwenyewe." "Nimelikoroga, nalinywa." Na tunayo "laiti", pamoja na -ngali-: laiti ningalimsikiliza mama. Lakini "laiti" nayo ina kipimo. Ni nzito, ya majuto marefu, na katika mazungumzo ya vijana wa mjini husikika kama ya kitabuni. Kijana wa Dar es Salaam aliyenunua simu mbovu mitaani hasemi laiti, anasema nimekoma.

Kitenzi rue peke yake kina vivuko vyake tayari, msivihangaikie. You'll rue the day you met me ni "utajuta kunifahamu". Kwenye habari za mpira, left to rue missed chances huandikwa kila wiki na magazeti ya Uingereza, na madawati yetu ya michezo tayari yana jibu zuri: "wamebaki kujilaumu wenyewe kwa kupoteza nafasi". Angalieni jinsi waandishi wa michezo walivyolipata. Hawakutafuta neno linalofanana na rue. Waliuliza timu iliyokosa mabao matano ya wazi husemwaje kwetu.

Tuchukue sasa kipande kimoja tukifanye pamoja. Nimekitunga kwa ajili ya leo:

Juma looked up at the patch of daylight in the roof, then at the bucket filling on the floor, and gave a rueful laugh. "My brother told me to buy roofing nails," he said.

Jaribio la kwanza, la mtu anayefuata neno kwa neno, hutoka hivi: Juma alitazama juu kwenye kipande cha mwanga wa mchana katika paa, kisha kwenye ndoo iliyokuwa ikijaa sakafuni, na akatoa kicheko cha majuto. "Kaka yangu aliniambia kununua misumari ya kuezekea," alisema.

Kila neno limo, ila hakuna mtu ndani yake. "Kipande cha mwanga wa mchana" hakisemwi. Bati lina tundu na mwanga unapita. "Akatoa kicheko" ni Kiingereza kilichovaa kanzu; mtu hucheka. "Aliniambia kununua" inataka iwe "aliniambia ninunue". Misumari hiyo dukani huitwa misumari ya bati, ile yenye kichwa kipana kinachofunika tundu lake maji yasipite. Hili si pambo. Anayejua misumari ya bati anajua papo hapo kwa nini paa linavuja: Juma alibania fedha, akapigilia misumari ya kawaida ya mbao. Kosa ni lake, ni dogo, limekwisha kutendeka. Masharti yote ya rueful yamekaa ndani ya msumari. Ukiukosea msumari, kicheko hakieleweki hata kikipewa kivumishi kizuri namna gani.

Turudie: Juma akainua macho, akaliona tundu la bati linapitisha mwanga; akayashusha, akaiona ndoo inajaa. Akaguna, kisha akacheka. "Na kaka aliniambia ninunue misumari ya bati," akasema.

Inakwenda. Ile "na" ya mwanzo wa usemi imefanya kazi kubwa. Imeonyesha kwamba onyo lilitangulia. Lakini kuna chombo kingine kizuri zaidi, "si" ya kuuliza jambo ambalo jibu lake linajulikana: "Si kaka aliniambia ninunue misumari ya bati!" Hii "si" inamwita msikilizaji awe shahidi dhidi ya msemaji mwenyewe. Mtu akiisema hivyo kwa sauti ya kawaida, kicheko kimo ndani. Ukiitumia, unaweza hata kuondoa "akaguna" ukabaki na "akacheka" pekee, kwa kuwa majuto yamehamia kwenye usemi. Usiviweke vyote, kuguna na kucheka na "si" na kutikisa kichwa; msomaji atahisi anasukumwa.

Kwa tamthilia na maigizo ya redio, ambapo ruefully huwa ni agizo kwa mwigizaji, mwandikieni la kufanya: "akiguna na kucheka". Agizo "kwa majuto" litamfanya aigize kilio, na mwongozaji atapoteza muda kumrudisha.

Waandishi wa manukuu ya filamu mna nafuu na mna tabu. Nafuu ni kwamba uso wa mwigizaji umekwisha kutabasamu, nanyi hamna haja ya kulieleza tabasamu. Tabu ni nafasi. Kampuni nyingi hutaka mstari usizidi herufi 42, nafasi na alama zikiwemo. "Si kaka aliniambia ninunue misumari ya bati!" ina 44, kwa hiyo italazimika kukatwa mistari miwili, na jicho la mtazamaji litaondoka kwenye uso wa Juma wakati uleule anapocheka. Badilisheni "aliniambia" iwe "alisema": "Si kaka alisema ninunue misumari ya bati!" Inakuwa 41, mstari mmoja, na uso unabaki unaonekana.